Dakika Hamsini za Duara

Barua yake ya ajira ilimtaja kuwa karani wa masjala. Lakini katika chuo kile cha uzamili, kilichowafunza watu saikolojia na unasihi, hapana aliyemjua kwa cheo hicho. Wanafunzi walimwita Mzee Faili, na kazi yake waliyoikumbuka hata baada ya kuhitimu haikuwa ya mafaili, ilikuwa ya kubisha milango. Mnasihi hukaa na mteja wake dakika hamsini, hazizidi wala hazipungui; na kwa kuwa Mama Mkuu, mwanamke aliyekiasisi chuo, hakutaka mtu atupie saa jicho ilhali mwenzake analia, alimpa karani amri moja: dakika ya hamsini ikitimia, pita ukumbini, bisha kila mlango mara mbili, kisha nenda zako. Kwa miaka ishirini na sita alibisha, na hakukosea hata kwa dakika moja.

Mlango mmoja tu aliubisha kwa shingo upande. Ulikuwa mlango wa chumba cha nne, kila Ijumaa, katika kikao cha saa tisa alasiri. Humo aliketi binti yake wa pekee.

Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na minne siku aliyorudi shule akamkuta mama yake amelala sakafuni jikoni, bomba likiwa wazi na maji yamefika mpaka sebuleni. Tangu siku hiyo alifunga kinywa. Aliosha vyombo, alifua, alisoma magazeti kwa macho, alicheka pasipo sauti. Lakini neno halikumtoka, si kwa baba, si kwa shangazi, si kwa madaktari watatu waliomchungulia koo na kusema koo ni zima. Mama Mkuu ndiye aliyesema, "Mlete kwangu, baba. Atakaa na mmoja wa wanafunzi wangu, nami nitakuwa nyuma yao." Mwezi wa nane baada ya hapo, karani alikuwa akipita ukumbini na kitambaa cha vumbi, akasikia sauti ya mwanamke mzima nyuma ya mlango wa chumba cha nne. Alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Maneno hayakusikika, kwa maana milango ile ilikuwa minene makusudi. Mlio tu ndio uliopenya, ukipanda na kushuka, nao, ingawa ulitoka kwa binti yake, ulikuwa mlio wa marehemu mkewe.

Miaka kumi na mmoja ikapita. Nyumbani binti alibaki kimya. Chumba cha nne alizungumza, na hapana mahali pengine. Wanafunzi walimpokea mmoja baada ya mwingine, kila mwaka mpya na mnasihi mpya. Katika mafaili alikuwa namba mia mbili na saba. Baba yake mwenyewe ndiye aliyepokea bahasha zilizofungwa na kuzipanga rafuni, na kwa kuwa alikula kiapo cha kutunza siri, hakufungua hata moja. Alichojichumia ni dakika kumi. Kila Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini, alifika ukumbini akapangusa fremu ambazo hazikuwa na vumbi, akisikiliza, akimshukuru Mola wake kwa sauti isiyo na maneno.

Kisha Mama Mkuu akafariki. Kanuni za kazi hiyo haziruhusu mwanafunzi kumsikiliza mteja bila mnasihi aliyehitimu kumsimamia, na chuo hakikuwa na mwingine. Bodi iliandika barua fupi: zahanati ya unasihi, yaani vile vyumba vya dakika hamsini, itaendelea kwa ruhusa ya miezi mitatu tu kisha itafungwa, isipokuwa wahitimu wataunda chama chao, na wanachama wasiopungua ishirini watie saini kwamba kila mmoja atasimamia alasiri moja kwa mwezi. Orodha iwe mezani kwa katibu wa bodi kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa ya mwisho ya miezi hiyo.

Karani aliichukua kazi hiyo bila kutumwa na mtu. Miezi mitatu alifukua anwani za wahitimu. Dada yake, aliyekaa naye tangu alipofiwa, alimsaidia kubandika bahasha.

"Wewe umekioa hicho chuo," dada alimtania, ulimi ukilamba gundi. "Mia tatu na kumi na mbili! Hata harusi yako hukualika watu hawa wote."

"Harusi yangu haikuhitaji saini ishirini, dada."

"Ilihitaji moja, na ulitetemeka mpaka wino ukamwagika." Akacheka, kisha akamtazama binti aliyekuwa akikunja barua kimyakimya mwisho wa meza, akapunguza sauti. "Watakuja, kaka. Watu waliosomea huruma hawawezi kukosa kuja."

Waliojibu walikuwa ishirini na watatu.

Siku ya mkutano karani aliingia mapema chumba kikubwa kupanga viti, na hapo ndipo mikono yake ilipomponza. Katika chumba hicho, kwa miaka ishirini na sita, kila Ijumaa alikuwa akipanga viti kwa ajili ya somo ambalo Mama Mkuu aliliita duara. Wanafunzi waliketi kwa mviringo, mwalimu karibu na mlango, na hapana aliyefungua mazungumzo. Walinyamaza mpaka mmoja wao asukumwe na moyo wake mwenyewe. Aliyenena alisikilizwa, hakushauriwa, hakuokolewa. Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba ndani ya duara mtu haamui jambo, kwa kuwa uamuzi uliozaliwa na moyo uliochemka hungojewa upoe wiki nzima. Mtu mwingine angepanga safu na meza ya mwenyekiti mbele. Yeye mikono ilimpeleka ilikozoea: viti ishirini na vitatu kwa mviringo, na cha ishirini na nne, chenye mito ya mikono, karibu na mlango.

Walifika saa saba na nusu kwa vicheko na kukumbatiana. Wa kwanza alikuwa yule waliyemwita Kiranja, kwa kuwa alikuwa kiongozi wa darasa lake, ambaye sasa alisikika redioni kila asubuhi akisuluhisha ndoa za watu.

"Mzee Faili! Bado hujazeeka tu? Au umejiweka kwenye faili?"

"Nimejipoteza humo, mwanangu. Vipi, ndoa za watu zinapona?"

"Za watu zinapona. Yangu usiulize."

Nyuma yake aliingia mwanamke mfupi waliyemwita Miwani, mnasihi mkuu wa hospitali sasa. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisikia sauti ya binti, miaka ile. Binti alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini akingoja saa tisa yake. Miwani alimwona, hatua zake zikakatika kidogo, kisha akapita akitazama mbele kama apitaye mbele ya ukuta. Hakuwa na kiburi. Ndivyo walivyofunzwa: mnasihi hamsalimu mteja nje ya chumba mpaka mteja aanze, asije akamwanika mbele za watu. Wengine wawili waliowahi kumpokea walipita vivyo hivyo. Na binti, asiyekuwa na sauti ya kuanzia, aliwatazama migongo.

Walipoingia na kuona viti, vicheko vikageuka vya namna nyingine.

"Duara!" mmoja alinong'ona. "Angalieni, na kiti chake."

Wakaketi. Hapana aliyekalia kile cha mlangoni. Na walipokwisha kuketi, kimya kikaja chenyewe kama maji yanavyojaa shimoni. Katiba ya chama na karatasi ya saini zilikuwa juu ya kimeza kidogo katikati. Dakika tano zikapita. Dakika kumi. Wengine walifumba macho. Kiranja, mtu wa maneno kila asubuhi, alikuwa ameinamisha kichwa. Karani alisimama kizingitini akielewa, polepole, alichokifanya kwa mikono yake.

Dakika ya ishirini aliingia. Hakuna karani aliyewahi kuingia ndani ya duara. Alikalia kiti cha Mama Mkuu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi.

"Wanangu," alisema, "nisameheni. Huu ni mkutano, si somo. Bodi inafunga ofisi saa kumi. Pasipo majina ishirini, zahanati inafungwa leo."

Walimgeukia wote. Basi akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka kumi na mmoja. Alisema kuwa namba mia mbili na saba ni mwanawe. Alisimulia habari za bomba na maji, za meza ya chakula ambapo yeye huongea na kujijibu, za kitambaa cha vumbi na zile dakika kumi za Ijumaa. "Sijui anasema nini humo," alimaliza. "Sikutaka kujua. Nataka niendelee kusikia tu."

Ni haki kusema walimsikiliza. Hakuwahi kusikilizwa hivyo maishani mwake. Nyuso ishirini na tatu zilimwelekea kama nyuso za ndugu. Machozi yalimtoka Miwani nyuma ya vioo, asiyafute. Kisha mmoja akasema kwa upole, "Ninasikia upweke mkubwa, mzee." Mwingine akasema, "Umeubeba miaka mingi." Wa tatu akasema kwamba naye anahisi chumba kizima kimebebeshwa hatia, na angependa wakae kidogo na hatia hiyo kabla ya kuikimbia.

"Msikae nayo," karani alisema. "Kalamu hiyo hapo."

Kiranja alikohoa. "Jamani, mimi redioni huwaambia watu wasaini baada ya kufikiri, na mke wangu ni shahidi kwamba sijawahi kufikiri." Akasimama, akatia saini, akarudi kukaa. Wachache walicheka. Watatu wakamfuata.

Miwani aliichukua kalamu baada yao. Aliishika muda mrefu juu ya karatasi. "Nikisaini sasa," alisema, sauti ikimkatika, "nitakuwa nimesaini kwa ajili ya mtu mmoja, tena nikiwa nalia. Mama Mkuu mwenyewe ndiye aliyenikataza." Aliangalia kiti alichokalia karani, kana kwamba aliyekikalia ni mwingine. "Mnipe wiki moja. Ijumaa ijayo nitakuja nikiwa nimetulia, nitasaini kwa akili yangu."

"Hakuna Ijumaa ijayo, mwanangu."

"Nasikia jinsi muda unavyokubana, mzee," alisema, naye alimaanisha. Kisha akailaza kalamu.

Vichwa viliitikia duara zima. Wiki moja. Ndiyo. Uamuzi huu ni mzito mno kwa siku moja. Karani aliitazama saa ya ukutani: dakika ya arobaini na tisa. Alikaa kitini mikono imebanwa magotini. Leo hakuna wa kubisha. Akiwa ndani ya duara, yeye si mbisha mlango tena, na mlango usipobishwa huenda wakaendelea kukaa, na wakikaa huenda mmoja akachoka kutulia.

Mshale ulipofika hamsini walisimama wote kwa pamoja, kama mtu mmoja.

"Bado!" alisema. "Sijabisha!"

Kiranja alimshika bega. "Mzee wangu, ulitubishia miaka mingi mpaka saa ikaingia mifupani. Huhitajiki tena." Alikusudia mzaha wa mapenzi. Alipoona uso wa mzee, mzaha ukamfia mdomoni, akatoka akiwa ameinamisha macho.

Karatasi ilibaki na majina manne. Karani aliipigia simu ofisi ya bodi, akaeleza kwamba wapo wengine kumi na tisa ambao pengine watasaini wiki ijayo. Katibu alikuwa mtu mwungwana. "Mzee, mimi ninakuelewa kabisa," alisema. "Lakini ishirini ni ishirini. Waambie walio ndani wamalize vizuri leo."

Saa tisa mwanafunzi wa mwisho, kijana wa kike mwenye daftari jipya, alifungua chumba cha nne, na binti akaingia. Karani alikwenda chumba kikubwa kubeba viti. Alivipandanisha kimoja juu ya kingine; kile chenye mito hakikupandana na vingine, akakiacha kilipokuwa. Akajaribu kuomba dua, akakuta kinywa chake hakina cha kuomba isipokuwa muda, nao ulikuwa umekwisha kugawanywa.

Saa tisa na dakika arobaini alikuwa ukumbini. Hakuchukua kitambaa. Aliegemea ukuta pembeni mwa mlango, sikio karibu na ubao, na sauti ilikuwamo: ikipanda, ikishuka, ikikatika mahali kana kwamba inacheka, ikirudi. Ilikuwa ndefu leo kuliko Ijumaa zote. Alijitahidi kuihifadhi, kila mpando na kila mshuko, kama mtu anayekinga maji kwa viganja.

Dakika ya hamsini aliinua kidole kilichokunjwa, akakiacha hewani. Hakubisha. Sauti iliendelea kwa pumzi moja zaidi, pengine mbili. Kisha ikanyamaza yenyewe, kwa kuwa naye binti, kwa miaka kumi na mmoja, saa ilikuwa imemwingia mifupani.

Mlango ukafunguliwa. Mwanafunzi alitoka amekumbatia daftari lake, akapita haraka. Binti alisimama kizingitini akimtazama baba yake, na kidole kilichokuwa bado hewani.

"Sema, mama," alimwambia. "Sema chochote. Nitusi hata."

Midomo ya binti ilitikisika. Akakishika kile kidole, akakishusha taratibu, akamwongoza baba yake kwenye ngazi. Na walipokuwa wakishuka, nyayo zao peke yake ndizo zilizosikika, mpaka chini.