Mwaka Ambao Hatukuwa na Makamu

Harufu ya samaki wakavu wa Kalokol ikinipata sokoni Lodwar, magoti yanawasha. Mwaka 1998, mwalimu wetu wa shule ya msingi alikuwa akiwatafuna darasani huku akituuliza, “Kiti cha rais kikibaki wazi, nani anakikalia?”

Nikajibu, “Makamu wa rais, siku tisini, halafu uchaguzi. Lakini mwalimu, saa hii makamu hatuna.”

“Wewe! Unataka Mtukufu Rais afe?”

Akanipigisha magoti kwenye mchanga wa moto. Darasa likacheka, naye akacheka.

Ukubwani niliambiwa kwamba bila makamu, mawaziri wangeteua mmoja wao akalie kiti. Labda mwalimu hakujua, labda aliogopa. Nyakati zile hata mimi ningeogopa. Lakini kucheka?

Nasikia mwalimu yule anaumwa. Namwombea apone kabisa, nimuulize mbele ya watu: mwaka ule makamu alikuwa nani?