Mfua Jezi wa Mpakani Stars

Ukitaka ugomvi na Nesta, mwambie jezi haijatakata. Miaka kumi na miwili amefua jezi za Mpakani Stars, timu yetu ya Tunduma, tangu inacheza ligi ya wilaya mbele ya mbuzi na watu arobaini, mpaka ilipopanda madaraja na kutangazwa redioni. Alianza kwa bahati tu. Alikuwa anauza maandazi getini, akamwona kipa anaingia uwanjani na udongo wa mechi iliyopita umemkaukia mgongoni, akamwita kiongozi mmoja akamwambia, "Hii aibu ni ya mji mzima. Nileteeni mimi." Wakamletea, na tangu siku hiyo hakuna aliyemfikiria mtu mwingine.

Kazi yenyewe si ya mchezo, kwa sababu maji ya Tunduma ni ya kubahatisha. Basi kila baada ya mechi Nesta hufunga jezi kwenye kitenge, akajitwika, akavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa Ruti, binti wa mama yake mdogo, mwenye kisima uani. Mgeni ataona mtu amekwenda nchi nyingine. Nesta anaona amekwenda kwa ndugu yake kufua.

Sasa mwaka huu timu ikapata tajiri mpya, na tajiri akatoa tangazo: Mpakani Stars inahamia Kibaha, mkoani Pwani, jumla jumla, kuanzia mechi tatu zilizobaki. Uwanja wetu eti hauna hadhi, na huko kuna wadhamini. "Mpakani gani huo uko Kibaha?" Nesta aliuliza siku hiyo hiyo, na mpaka leo hajajibiwa.

Mashabiki wakapasuka katikati. Upande mmoja alikuwa Rabson, mdogo wake Nesta wa tumbo moja, karani wa mizigo pale foleni ya malori. Yeye alisema timu haitoki. Siku ya safari watu watakaa barabarani mbele ya basi. Upande wa pili alikuwa mzee Amoni, mwenyekiti wa tawi, mtu mpole ambaye hajawahi kukosa mechi hata akiwa na malaria. Yeye alisema ukigoma unaua timu yako kwa mkono wako. Inakokwenda, sisi tunafuata. Basi wakaitwa Wakaaji na Wafuasi, na mambo yakawa mabaya kweli. Watu waliokula pamoja walianza kupishana barabarani kama hawajuani. Hata kanisani Wafuasi walihamia mabenchi ya kulia, na mchungaji akahubiri upendo wiki mbili mfululizo bila kufua dafu.

Na Nesta je? Nesta hakutulia. Asubuhi alikuwa Mkaaji, mchana Mfuasi, jioni hajui. Alianza kukanda unga wa maandazi akauacha, akatoka mpaka barabarani, akarudi, akasahau alichotokea. Timu ikiondoka, yeye anabaki nani? Mama wa maandazi, basi. Hilo ndilo lililomkosesha raha, na hakumwambia mtu.

Jumatano, siku moja kabla ya safari, Rabson alimfuata nyumbani.

"Dada, jezi ziko wapi?"

"Kwa Ruti. Zinakauka."

"Basi zikae huko huko. Kesho saa tatu basi linaondoka. Bila jezi hawana cha kuvaa, na sisi tukiwa barabarani hawana pa kupita."

"Wakikosa mechi si wanashushwa daraja?"

"Washushwe. Bora timu ya chini iliyo ya kwetu."

Nesta alimtazama mdogo wake, mtu mzima na mvi zake mbili, akaona anatetemeka midomo.

Rabson hajafika mbali, mzee Amoni akabisha hodi. Akakaribishwa, akakaa, akauliza habari za nyumbani zote kama ilivyo desturi yake, halafu ndipo akasema kilichomleta.

"Mama Brian, najua Rabson amepita hapa. Usiwaache watoto wa watu wakasafiri bila nguo. Mwanao Brian alipokwenda kutafuta dhahabu Saza, ulimzuia?"

"Brian anarudi Krismasi, mwenyekiti. Hii timu itarudi lini?"

Mzee Amoni akanyanyua kofia yake akaivaa tena.

Alhamisi kulipokucha Nesta alivuka kwenda Nakonde. Jezi zilikuwa kwenye kamba uani kwa Ruti, zimekauka, zinanukia sabuni. Alizianua, akazikunja moja moja, namba moja mpaka namba thelathini. Akazifunga kitenge. Akazifungua. Ruti akamletea chai, ikapoa. Nesta aliizunguka ile kamba tupu mpaka kuku wakamkimbia.

"Kaa chini basi, unanitia kizunguzungu," Ruti alisema.

"Nikizipeleka, Rabson hatanisalimia tena. Nisipozipeleka, wale vijana nimewaharibia mimi."

"Sasa?"

"Sijui. Nitaamua saa mbili." Akatoa simu, akaitazama. "Bado dakika ishirini."

Ruti alimkazia macho. "Nesta, hiyo simu inasoma saa ya wapi?"

Nesta akaitazama tena. Nakonde wako nyuma yetu kwa saa nzima, na simu ukivuka nayo inashika mtandao wa Zambia, inajirudisha yenyewe. Mtoto wa Tunduma analijua hilo kabla hajajua kuvaa viatu. Nesta mwenyewe amewacheka madereva wangapi waliokosa mizigo yao kwa kosa hilo? Kwetu ilikuwa imebaki dakika ishirini kufika saa tatu, na kutoka kwa Ruti mpaka ofisi ya klabu ni mwendo wa nusu saa.

Alikuwa amezungushia kitenge kabla hajajua anachofanya. Mzigo ukawa kichwani, na kandambili moja ikabaki uani kwa Ruti. Hivi ndivyo alivyojua ameamua. Angekuwa anataka jezi zibaki, angekaa akanywa chai yake ya baridi na kuisingizia saa.

Alipita mpakani akihema, askari anayemjua akamuuliza kama leo kuna mechi, naye akazidi kukaza mwendo. Alipita kwenye malori, akawapita wauza viazi, akawapita wabadilisha fedha waliomwita mteja. Njia nzima aliomba basi liwe limechelewa, na alipolisikia linapiga honi akakaribia kulia kwa furaha. Halafu akaona kwa nini lilichelewa.

Wakaaji walikuwa barabarani, watu zaidi ya hamsini wamekaa chini, Rabson mbele kabisa. Wafuasi walikuwa wamesimama ubavuni mwa basi na mabegi yao, wakisubiri gari lao la kulifuata. Hakuna upande uliozungumza na mwingine. Kelele zilikuwa za malori yaliyokwama nyuma.

Rabson aliuona ule mzigo kabla ya kumwona dada yake.

"Dada, unatusaliti."

"Sogeza mguu nipite."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Sogeza mguu, Rabson."

Akausogeza. Nesta alipita katikati yao na mguu mmoja pekupeku, na watu aliowauzia maandazi miaka yote wakaanza kuimba kwamba ameuza timu. Hakuinamisha kichwa, maana mzigo ungeanguka. Lakini machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Mlangoni mwa basi alisimama Lusubilo, meneja wa timu. Alipomwona, uso wake ukabadilika.

"Mama, ina maana hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

Lusubilo akaingia ndani, akatoka na pakiti moja ya nailoni. Ndani mlikuwa na jezi mpya, ya bluu, bado ina alama za mikunjo ya kiwandani. Kifuani iliandikwa Pwani Stars.

"Hizo zako kaa nazo," akasema kwa sauti ya chini. "Au wagawie mashabiki, iwe kumbukumbu."

"Mnazo tangu lini?"

"Wiki ya pili hii."

Wiki ya pili. Wiki mbili za kuacha unga kwenye beseni, wiki mbili za Rabson na mzee Amoni kuvutana, na pakiti zimelala stoo. Mzee Amoni alikuwa amesimama karibu, ameyasoma maandishi. Akaweka begi lake chini.

Nesta akageuka. Watu wakadhani anakwenda zake nyumbani. Alizunguka mbele ya basi, akakaa chini barabarani, mzigo mapajani, mgongo karibu uguse bampa. Rabson alimwangalia, akamsogelea wakakaa bega kwa bega.

Mzee Amoni akaja taratibu, akainama. "Mama Brian, tunazuia nini sasa? Timu yenyewe si imeshaondoka?"

"Mimi sizuii mtu, mwenyekiti. Nimewafulia miaka kumi na miwili. Mtu akiondoka kwako, anaaga. Hawa waliniaga lini?"

Mzee Amoni akafikiri. Akajikunja kwa shida, goti moja kwanza, akakaa upande wa pili wa Nesta. Mfuasi mmoja akamfuata, halafu watatu, halafu hakuna aliyebaki ubavuni mwa basi.

Lusubilo akaja kuuliza wanataka nini. Rabson akafungua mdomo, mzee Amoni akamwahi. "Washuke wamuage mama. Wakishamaliza, atasimama."

Nesta akaitikia kwa kichwa.

Wakashuka. Wa kwanza alikuwa Moses, nahodha, kijana wa Ruanda aliyekuja na sanduku la bati miaka sita iliyopita. Alichuchumaa vumbini, akampa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Tunaondoka."

"Marahaba," alisema Nesta. Kusema nenda salama kulimshinda.

Wakaja mmoja mmoja, wote kumi na wanane, kila mmoja akachuchumaa, kila mmoja akasema tunaondoka. Wengine walilia. Wa mwisho alikuwa kipa. Alipomaliza akapanda, mlango ukafungwa, dereva akawasha gari. Watu wakaanza kujipangusa vumbi, mzee Amoni akasimama, Rabson akasimama akamnyooshea dada yake mkono amwinue.

Nesta hakusimama. Akisimama tu, anabaki mama wa maandazi, basi.