Misumari Kumi na Miwili

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani karibu na Mikinduri nikiwa na nyundo kwenye mkoba wa ofisi. Utacheka, rafiki yangu, lakini nyundo ndiyo iliyokuwa jibu langu. Binamu yangu alikuwa ametuandikia sote kwenye simu kwamba nyumba aliyotuachia nyanya inavuja, kwamba nyumba ya mbao haina faida siku hizi, na kwamba amepata mtu wa kununua mabati kama chuma chakavu pamoja na safu ya mwisho ya miti ya migrevilia iliyobaki mpakani. Tukubali kabla ya Jumapili, alisema, kila mtu apate chake. Wengine walijibu kwa picha ya kidole gumba. Mimi nikaomba ruhusa kazini.

Boda boda iliponishusha langoni, harufu ilinipokea kabla ya mtu yeyote: udongo mwekundu uliolowa, majani ya migomba yanayooza, moshi wa kuni za kahawa. Nilisimama pale na nyundo yangu, na kwa muda nikawa tena na miaka kumi.

Nyumba ile ilikuwa na rangi mbili. Paa la nyuma lilikuwa la mabati ya zamani, yenye kutu ya rangi ya chai. Paa la mbele lilikuwa la mabati ya chama. Akina mama wa chama cha nyanya, waliochangiana kwa zamu, hawakupeana pesa mkononi. Walikuwa wameshaona jinsi pesa inavyoingia nyumbani ikakutana na ugonjwa, na pombe ya mzee, na shemeji aliyekuja kusalimia, ikaisha bila kuacha hata kijiko. Kwa hiyo zamu ya mmoja ilipofika, wenzake walimletea mabati yenyewe, wameyabeba vichwani, wakiimba tangu barabarani, jua likiyapiga hata ukadhani ni mto unaopanda mlima. Zamu ya nyanya ilitosha upande mmoja tu wa nyumba. Upande wa pili ungesubiri mzunguko uanze upya, na huo ulikuwa mwendo wa miaka. Shuleni wenzangu waliiita nyumba yetu koti la kuazima.

Na mpakani ilisimama migrevilia arobaini. Nyanya aliipanda mwenyewe nilipozaliwa, na hakuiita miti. Aliiita sekondari. Alikuwa akiniambia nikamfunge mbuzi pale kwa sekondari, nikaokote kuni pale kwa sekondari, nikamwite jirani anayepita pale kwa sekondari. Nilikuwa mkubwa tayari nilipotambua kwamba watoto wengine hawana sekondari yenye majani.

Nilipokuwa na miaka kumi, kabla ya mvua ya masika, mfanyabiashara wa mbao alianza kutuzuru. Alikuwa mtu mchangamfu aliyevaa koti hata kwenye jua, na alikuwa na tabia ya kuupiga mti kofi mgongoni kama anayemsalimu ng'ombe. Alitaka miti yote arobaini kwa mara moja. Ijumaa moja alikunywa uji wetu wa wimbi, akatazama juu ambako mwanga uliingia chini ya mabati yaliyolegea, akamuuliza nyanya, "Mama, roho yako iko kwa miti ama kwa hawa watoto?"

Nyanya hakukasirika. Alimwongezea uji. "Hii miti ukiikata leo ni kuni," alisema. "Ukingoja miaka mingine mitano ni mbao. Mimi siuzi mbao kwa bei ya kuni."

"Na mvua?"

Alifunika chungu cha uji. Kisha akasema maneno yaliyonikosesha usingizi: msimu huu mvua ikimshinda, atauza.

Kwa hiyo nikaamua kwamba mvua haitashinda. Jumamosi nyanya alipokwenda sokoni na ndizi, niliegemeza ngazi ukutani, nikachukua nyundo yake na misumari kumi na miwili kutoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikapanda. Kule nyuma mabati yalikuwa yamelegea, upepo ukiyapiga yanagonga kama mlango. Jirani yetu, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, aliniona akanipigia kelele kwamba msichana hapandi paa, nishuke kabla sijaaibisha ukoo. Nilijifanya kiziwi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipopotea, na nimewaona watu wazima wakipotea hapahapa. Bati lina migongo na mabonde. Nilipojaribu kupigilia mgongoni, msumari uliyumba na bati likabonyea. Nilipopigilia kwenye bonde, bati lilikuwa limelala juu ya mbao, nyundo ikalia vizuri, msumari ukazama kwa mapigo matatu tu. Nikawahurumia mafundi wote waliojisumbua na migongo. Nilipigilia yote kumi na miwili bondeni. Sikujiuliza maji yenyewe hupita wapi.

Jumapili mvua ya kwanza ilitukuta kanisani. Ilipiga bati la kanisa hadi mhubiri akaacha kuhubiri, akakunja mikono na kungoja. Watu wote walitazama juu kwa wasiwasi wa nyumba zao. Mimi peke yangu nilitabasamu.

Tulipofika nyumbani vijito kumi na viwili vilikuwa vinashuka, kila kimoja na sauti yake, na vingi vilishukia mahali pamoja: kwenye gunia la mbegu za maharagwe, ambalo nyanya alikuwa ameliweka darini panya wasilifikie. Mbegu zilikuwa zimeshaanza kuvimba. Nyanya alitazama juu, akanitazama, akautazama mkono wangu wenye lengelenge la nyundo. Alivua viatu vyake vya kanisani akaniambia nilete majembe.

Tulipanda Jumapili, rafiki yangu. Tulipanda gunia zima tukiwa na nguo za ibada, matope hadi magotini, kwa sababu mbegu iliyolowa haingoji. Ukiilaza siku mbili inanuka. Tulikula githeri baridi ya mahindi na maharagwe tukiwa tumesimama kwenye mistari. Majirani walipita njiani na mwavuli na Biblia, na yule mama wa sauti hakuweza kujizuia. Aliuliza kama siku hizi kwetu Sabato imehamia Jumatatu.

"Mbegu zimeshabatizwa, dada," nyanya akamjibu bila kuinuka. "Nizirudishe guniani vipi?"

Jirani alicheka hadi mwavuli ukamponyoka. Kisha akaukunja, akaweka Biblia yake chini ya mgomba, akaingia shambani kutusaidia.

Jumatatu asubuhi sikwenda shule. Nyanya hakuita fundi, alinipandisha mimi. Alinionyesha jinsi ya kung'oa msumari kwa kuweka kipande cha ubao chini ya nyundo ili bati lisipasuke. Tuliyeyusha lami kwenye mkebe juu ya mafiga, tukachovya viraka vya gunia, naye akaanza kuvibandika juu ya tundu moja moja na kuvikandamiza hadi kingo zikalala. Kisha nyanya alivua ndara zake za mpira akazikata kwa kisu, vipande vya mviringo vya ukubwa wa sarafu, akatoboa kila kimoja katikati. Hicho hukaa chini ya kofia ya msumari. Unapigilia hadi mpira uanze kutokeza pembeni, halafu unaacha, ukizidisha unaukata.

"Mgongoni, mwari," aliniambia, kwa neno letu la binti. "Huko maji hayapiti."

Alikuwa ameziba matundu kumi na moja, la mwisho ameniachia mimi, mfanyabiashara wa mbao alipotokea uani. Alitazama lami ikifuka, akamtazama bibi kizee aliye peku juu ya paa. Hakuficha furaha yake. Aliuliza kwa upole kama basi mvua imemshinda.

"Mvua haijanishinda," nyanya alisema kutoka juu. "Ni misumari kumi na miwili tu. Na tumebakisha mmoja."

Mfanyabiashara akaaga, akaondoka. Nilikuwa nimeshika kiraka kinachochuruzika lami. Nyanya aliniambia nizibe kabla hakijapoa.

Miti ilifika umri wake. Nilipoingia sekondari yeye aliiuza michache kila mwaka kulipa karo, akianza na ile iliyokuwa inaizidishia kahawa kivuli, na kwa kila mmoja uliokatwa alichimba mashimo mawili ya miche. Chama kilivunjika kabla ya zamu yake ya pili kufika, kwa hiyo nyumba ilibaki na rangi mbili. Siku hizi marafiki wa mjini huniuliza waweke wapi akiba zao, nami huona haya kuwajibu, maana niliwahi kuuza hisa zangu zote kwa hofu ya wiki moja. Niliuza mbao kwa bei ya kuni. Sikurudia tena.

Mwezi uliopita, basi, niliazima ngazi kwa jirani yuleyule. Sauti yake imekwisha; sasa huita watu kwa mkono. Binamu yangu alisimama chini na simu yake akinieleza kwamba paa lote limeoza. Nilidunga mbao za paa moja baada ya nyingine kwa ncha ya msumari. Zilikuwa ngumu. Viraka kumi na kimoja vya nyanya vilikuwa vikavu, vimeshika bati kama vimezaliwa nalo. Cha kumi na mbili kilikuwa kimepasuka katikati. Kilikuwa changu.

Nilikuwa nimenunua lami na misumari mjini Meru, nikasahau mpira. Nikavua ndara moja.

Nilifanya kazi polepole. Kutoka kule juu niliiona barabara ambayo akina mama walipandia na mto wao wa mabati. Siku hizi bati huja kwa lori na pesa za zamu huja kwa simu, kimya, na sidhani kama yuko mtoto kijijini aliyewahi kusikia wimbo ule. Maneno yake yamenitoka. Mwendo wa miguu yao ninao bado, na nilipigilia kwa mwendo huo.

"Sasa huyu mtu nimwambie nini?" binamu yangu aliuliza. "Ananingoja kwa simu."

"Mwambie nyumba haijatushinda. Ni msumari mmoja."

Nilishuka mguu mmoja peku, nikaenda kuhesabu nafasi zilizo wazi za kupanda miche pale kwa sekondari.