Mama Mapazia na Meno ya Bomba

Mama Mapazia alianza biashara kwa kutembeza mapazia begani, nyumba hadi nyumba, akibwekewa na mbwa, na mara nyingine na wenye mbwa, mpaka akapata duka lenye mlango wa kioo. Njiani alijifunza jambo moja: kila bei ina bei nyingine chini yake, ukiinama utaiona. Mtu mmoja tu alimshinda kupatana naye, na huyo alilala naye kitanda kimoja.

Mumewe aliitwa Bomba kwa jinsi alivyotoa moshi. Meno yake yalikuwa na rangi ya kikombe cha chai kisichooshwa. Kiwanda alichofanyia kazi kilipofungwa, alikaa nyumbani akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Ndipo hoteli moja ikatafuta mtu wa kupokea wageni mlangoni. Meneja alipenda kimo chake, akapenda na sauti, kisha akamwambia bila kuzunguka: "Mzee, kasafishwe meno kwa wataalamu, Jumatatu uanze. Ukija hivyo hivyo, nafasi nampa mwingine."

Bomba akarudi nyumbani akasugua kwa mkaa, akasugua kwa chumvi. Fizi zikatoka damu, madoa yakabaki.

"Ungesugua masufuria yangu hivyo tungekuwa mbali," mkewe alisema, akamshika mkono, wakaenda kliniki.

Dada wa kusafisha meno alimchungulia kwa kioo kidogo. "Mzee, huu si uchafu wa jana. Ukoga umegeuka jiwe, na moshi umegandia juu yake. Nitatoa jiwe kwanza, ndipo ning'arishe."

"Dada yangu, safisha ya mbele tu," Mama Mapazia akaingilia. "Pale mlangoni nani atamkagua magego? Halafu utupunguzie."

"Ukoga wa nyuma ndio unaokula fizi, mama."

"Basi ya juu tu. Ya chini mdomo unafunika."

"Mama, wewe mteja akija dukani unamuuzia pazia la nusu dirisha?"

Mama Mapazia akafungua pochi. Alijua amekutana na muuzaji mwenzake.

Mashine ikaanza kuvuma. Kila ilipogusa jino, Bomba aliinua mkono, dada akaizima, Bomba akasema anapumua tu.

"Shusha mkono," mkewe alimwambia mwishowe. "Hujaulizwa swali."

Ilipomalizika kazi, Bomba alipewa kioo. Madoa yalikuwa yameondoka, lakini uso wake ulisawijika. "Mbona hayajawa meupe?"

"Mimi nimetoa madoa, mzee. Rangi iliyobaki ni ya meno yenyewe."

"Pazia la krimu hata ulifue mwaka mzima haliwi jeupe," Mama Mapazia alisema. "Ndiyo meno yako hayo. Salimianeni."

Dada akamwonya aache sigara, na kwa siku chache hizi asiguse hata chai wala kahawa. Akivuta, madoa yatarudi.

"Yatarudi lini?" Mama Mapazia aliuliza, kama anayeulizia dhamana ya friji.

"Hilo muulize yeye."

Kuanzia hapo mpaka Jumatatu nyumba haikukalika. Bila sigara, Bomba aligombana na redio. Alipiga pasi shati lile lile mpaka kola ikang'aa. Ulimi wake haukutulia. "Kuna nafasi huku, mama watoto. Upepo unapita."

"Hapo ndipo jiwe lilipokuwa. Funga mdomo, hautapita."

Jumatatu jioni alirudi na koti la kazi lenye vifungo vya dhahabu. Meneja alimtaka acheke mara mbili, akamkabidhi mlango. Mama Mapazia alimzunguka akilikagua koti, akaupenda mshono, akainama kutazama pindo. Hapo pua ikampa habari.

"Bomba."

"Moja tu, mke wangu. Ya kujipongeza."

Hakumfokea, alishafoka miaka yote hiyo, na moshi haukusikia. Alichukua simu akampigia yule dada wa kliniki, akamwomba ampangie mumewe siku nyingine ya kusafishwa, akamwambia kwamba safari hii Bomba atalipa mwenyewe, mshahara anao. Kisha akauliza mteja ambaye atakuwa anakuja kila mara anapunguziwa kiasi gani.

Dada akacheka sana. Mama Mapazia hakucheka. Alikuwa anasubiri bei.