Aliyechekwa Ashike Antena

Niambieni kama hii ni haki: Baba yuko nje ya nyumba yake mwenyewe.

Yeye ni wa chama tawala. Jirani yetu, Mzee Odhiambo, anayekuja kutazama TV kwetu, ni wa upinzani. Tangu vyama vingi virudi, sheria ya TV yetu ni moja: kichekesho kikicheka chama chako, unatoka nje kushika antena.

Kila wiki anatoka Mzee, akilalamika kwamba waigizaji wanaogopa serikali.

Leo pia akatoka.

Halafu wakamwiga waziri, na kitambi chake chote.

Tukamwangalia Baba.

Akavaa viatu.

Sasa wameshika mlingoti mmoja, wanabishana nani ameonewa zaidi.

Mama amefungua dirisha kumwita Baba. "Baba Akinyi, msisogee hapo. Picha haijawahi kuwa safi hivi."