Mawese ndani ya Randa

Kutoka Kisangani hadi Butembo nilisafiri wiki nne juu ya magunia ya mchele, na bado nilifika nikicheka. Wiki tatu kati ya hizo lori lilikaa Beni likingoja ekseli. Nilizitumia kwa maseremala wa pale, nikajifunza kutunza rulema, ile pete ya chuma yenye gololi ndani inayofanya mashine izunguke. Wao waliilainisha kwa mawese tu. Nilipoondoka, wakanipa chupa nzima.

Butembo, huko Vulamba, nilimkuta mama mmoja mjane aliyerithi karakana ya mumewe. Alikuwa akitengeneza mabenchi ya kanisa lake, na randa yake ya umeme, kuukuu, nzito kama mbuzi, ilikuwa inapiga kelele hadi majirani wanafunga madirisha.

"Mimi ni fundi wa rulema," nikamwambia.

Akanipima kutoka viatu hadi nywele. "Fundi wa Kisangani! Sawa. Ikizunguka, unabakia. Ikikataa, unarudia kwenye ulitokea."

Nilitaka kubaki kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimechoka kuwa mgeni kila mahali, na harufu ya mbao zile ilikuwa ya nyumbani kwa baba yangu.

Nikaitoa rulema, nikaiosha kwa petroli, nikaijaza mawese pomoni. Jioni randa iliteleza juu ya ubao kimyakimya. Nililala kama mfalme.

Asubuhi, ukungu umeshuka, mchungaji amekuja kuona mabenchi yake. Mama akabonyeza swichi. Randa ikaguna, haikuzunguka. Nikafungua: mawese yalikuwa yameganda kwa baridi, magumu kama sabuni.

"Uliweka nini humu?"

"Mawese, mama."

"Mawese! Mais papa, hii ni masini, hapana mboga ya sombe!"

Nilidhani safari yangu imeishia hapo. Lakini mama alikuwa amekwisha kuvua kitenge chake cha mabegani. Akaifunga randa mgongoni kama mtoto, akaenda kuupa mgongo moto wa mbabula, jiko la makaa la jirani aliyekuwa akikaanga mikate. Akambembeleza mtoto wake kwa wimbo wa Kinande. Wanawake waliongoja mikate wakamuuliza baba wa mtoto huyo ni nani. Akaninyooshea mimi kidole!

Iliporudi, ikazunguka. Ikazunguka kweli, ikarusha matone mekundu hadi kwenye shati jeupe la mchungaji. Mchungaji akaangalia kifua chake, akasema, "Donc, leo nahubiri nikinukia jikoni," na mama akaanguka katika maranda kwa kicheko.

Siku hiyo hiyo alinionyesha kopo la grisi la marehemu. "Kidogo tu, usishibishe. Rulema ikishiba sana, inapata joto." Alinifundisha kuizungusha kwa kidole na kusikiliza, ncha ya bisibisi ikiigusa rulema na mpini wake ukiegemea sikio.

Nilibaki miaka minne, mimi ambaye sikuwahi kumaliza mwaka mahali pamoja.

Halafu miguu ikaanza kuwasha. Asubuhi ya kuondoka nilienda kumuaga, pikipiki ya Beni ikiningoja barabarani. Aliwasha randa, bila ubao wowote chini yake, akanikazia macho.

"Inazunguka ao haizunguke?"

"Inazunguka, mama."

"Basi? Tulisemaga nini siku ya kwanza?"

Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Nikapanda pikipiki. Hakuizima, niliisikia hadi kwenye kona, laini, bila mkwaruzo hata mmoja.