Koki Kwanza, Mikono Baadaye

Pikipiki ya mume wangu ilikuwa kuukuu tangu siku aliyoileta nyumbani. Aliinunua kwa mzungu wa shamba la jirani aliyekuwa ameichoka, na nilipoiona nilimwuliza kama alilipwa ili aiondoe pale. Hakucheka. Alikuwa mwalimu wa pekee wa shule ya shamba karibu na Elburgon, na walimu wenzake wa shule nyingine walikuwa wakitembea kwa miguu au kwa baiskeli, kwa hiyo mzaha wangu haukumfikia. Hata mimi nilimwita Mwalimu, kama kila mtu.

Ugonjwa wa pikipiki ile ulikuwa mmoja. Chini ya tangi la petroli kulikuwa na koki ndogo ya shaba, na ukisimama bila kuifunga, petroli iliendelea kushuka kwenye kabureta. Kabureta nayo ilikuwa imechakaa, haikuweza kuizuia, basi petroli ilidondoka chini tone kwa tone mpaka tangi likakauka. Mzungu alimwonya siku ya kumwuzia: "Wewe simama, wewe funga. Hapana sahau." Mwalimu akaitikia ndiyo bwana, na akasahau siku hiyo hiyo.

Simlaumu sana. Kwetu huwezi kushuka kwenye pikipiki ukaanza kupapasa vyuma huku mzee wa watu amekunyooshea mkono. Unasalimia kwanza. Unaulizwa habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za yule mgonjwa wa mwezi uliopita, na kila swali lina haki ya kujibiwa. Na Mwalimu alipendwa, kila aliposimama watu walimjia. Hadi amalize kusalimia, koki imekwisha kutoka kichwani. Tumeisukuma pikipiki ile kwenye matope ya Mau mpaka nikawa najua ni kilima kipi kina utelezi na kipi kina mawe.

Basi nikaichukua koki ikawa kazi yangu. Nilikaa nyuma, pikipiki ikisimama mimi nashuka wa kwanza, nainama, nazungusha, nainuka. Nilifanya bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango wa kuku jioni.

Sasa nieleze habari za mama mkwe wangu. Mimi nilizaliwa Nakuru mjini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na kabila langu si lao. Yeye alikaa juu kule Olenguruone, kwenye baridi na ukungu, na alikuwa amekwisha kumchagulia mwanawe msichana wa hapo hapo. Nilijua. Hata hivyo nilitaka anikubali, na nilitaka kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, nikakua bila mtu wa kumwita mama. Niliolewa nikiwa na njaa ya neno hilo.

Kwao kuna desturi. Mke wa mwana anapofika nyumbani, kitu cha kwanza kukigusa ni mikono ya mama mkwe, yote miwili. Hapokei maji, hawekwi kitini, hashiki mtoto, kabla ya mikono ile. Mwalimu hakuniambia. Siku ya kwanza tulipofika, mama alikuwa amesimama langoni na majirani wake, mikono ameitanguliza, na mimi nikashuka, nikampa mgongo, nikainama chini ya tangi.

Nilipogeuka, mikono ilikuwa imeshuka. Alinipa ncha za vidole. Maziwa ya kibuyu nililetewa na jirani, si yeye. Mchana kutwa aliniita "yule." Wakati wa kuondoka nilimsikia akimwambia mwanawe, kwa Kiswahili makusudi ili nami nisikie, "Bibi yako nasalimia chuma kwanza."

Mwalimu alicheka njia nzima mpaka Molo. Nilimwomba amweleze mama yake. Akasema atamwambia. Hakumwambia, na sababu naijua: ili aeleze, ilimpasa akiri mbele ya mama yake kwamba mwalimu mzima, anayefundisha watoto hesabu, hawezi kukumbuka kakoki kamoja. Safari ya pili nilijaribu kuifunga haraka, nusu ya mwili imegeukia langoni. Mama aliona tu. Akanipa tena ncha za vidole. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, nami nilianza kuhisi hivyo kweli, kwamba mimi ni kijakazi wa pikipiki.

Safari ya tatu nilimwambia Mwalimu kabla hatujatoka, "Leo koki ni yako. Mimi nina mikono ya mama."

"Usiwe na wasiwasi," akasema.

Ilikuwa Jumamosi. Tulipofika nilishuka nikaenda moja kwa moja, mikono mbele, nisiangalie nyuma. Mama aliishika. Aliishika kwa muda, akaigeuza, akaitazama kama anayenunua kitu sokoni, kisha akaniuliza habari za baba yangu wa Nakuru, ambaye hakuwahi kumtaja. Aliniketisha jikoni karibu na moto, akanimiminia maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Nilifurahi mpaka nikasahau kama duniani kuna pikipiki. Huko nje Mwalimu alikuwa akisalimiwa na kilima kizima.

Tulipotoka kuaga, majani chini ya pikipiki yalikuwa yamelowa na ua wote unanuka petroli. Mwalimu alilitikisa tangi. Hakukusikika kitu.

Petroli ya karibu ilikuwa Molo, dukani kwa Mhindi. Lori la mbao lilipita barabara kuu kila Jumamosi mchana, na dereva alikuwa mtu wa kubeba watu, lakini barabara hiyo ilikuwa juu ya kilima na mvua ilikuwa inakusanyika. Tungelikosa lori hilo, shule isingefunguliwa Jumatatu, na mzungu mwenye shamba lile la shule alikuwa akitafuta sababu ya kuifunga. Nikavua viatu, nikakaza leso kiunoni, tukaanza kusukuma. Machozi yalinitoka. Mwalimu alidhani ni ya hasira, na hasira ilikuwepo, lakini zaidi nililia kwa sababu nilijua kwamba safari ijayo itanibidi nichague tena, na mikono ile niliyoipata leo nitaipoteza.

Hatujafika mbali nikasikia mtu anapumua nyuma yangu. Ni mama. Alikuwa amejifunga shuka lake kiunoni, akaweka bega pale ninapokaa mimi.

"Sukuma," akasema.

Tukasukuma. Baada ya hatua chache akauliza, "Hii kitu nakataa kwenda kwa nini?"

Mwalimu alikuwa ameshika usukani, akaendelea kutazama mbele kama hakusikia. Basi nikasimama, nikachukua kidole cha mama, nikakigusisha kwenye koki. Nikamwonyesha. Hivi iko wazi, petroli inamwagika yote. Hivi imefungwa.

"Nani nafunga?"

"Mimi, mama. Kila tukisimama. Yeye anasahau."

Aliinama hapo kwenye matope. Akaizungusha koki mwenyewe, wazi, funga, wazi, funga.

"Ile siku ya kwanza," akasema, "wewe nainama kufunga hii?"

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia mwanawe. "Mimi nakasirikia mtoto ya watu siku zote hizi, na wewe najua, na wewe nacheka. Hiyo mdomo yako ni ya kukula peke yake?"

Mwalimu akasema kwa sauti ndogo kwamba mvua inakuja.

"Basi sukuma," akamwambia.

Akaacha upande wake, akaja kwangu, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu kwenye kiti cha pikipiki, tukapanda hivyo kilima chote, tukiteleza na kushikana. Lori tulilipata. Yeye alibaki barabarani analowa, matope mpaka magotini, akimwambia dereva afunge pikipiki vizuri isije ikaangukia mkwe wake.

Safari iliyofuata nilikuta amesimama langoni, mikono ameitandaza pande zote mbili, amewazuia majirani kama mtu anayezuia ndama wakati wa kukamua. "Ngojeni," aliwaambia. "Mkwe yangu nafunga kwanza." Wakangoja, hata wazee wenye fimbo. Mimi nikainama, nikazungusha, nikainuka, na watu wote wananitazama.

"Umefunga?" akauliza.

"Nimefunga, mama."

Ndipo akatoa mikono. Ikawa desturi ya lango lile. Watoto wangu waliikuta, wakadhani ndivyo watu wanavyosalimiana kila mahali.

Pikipiki ilikufa kabla ya Uhuru, ikabaki nyuma ya jiko letu kuku wanatagia chini yake. Tukahamia Nakuru. Baadaye sana Mwalimu naye alituacha, na baada ya matanga kwisha nilipanda basi nikaenda Olenguruone peke yangu. Niliogopa safari ile. Mwanawe ndiye alikuwa daraja kati yetu, na sasa hayupo, sikujua nitakuwa nani pale langoni.

Nilimkuta ameketi kwenye jua nje ya nyumba. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, hakuona zaidi ya mwanga. "Mama, ni mimi," nikasema, nikatanguliza mikono.

Yeye hakutoa yake. Aliiacha mapajani. Nikakumbuka siku ile ya kwanza.

"Umefunga?" akauliza.

Nyuma yangu hapakuwa na kitu, ila kikapu cha sukari na majani ya chai. 

"Nimefunga, mama."

Akatoa mikono yote miwili.